Strikemaster: Ndege ya Ticha Iliyotumwa Kulipua Ikulu 1982, na Vile Kisumu Ililipa Bila Kurushiwa Bomu

Ukikaa Usoma siku mbili tatu, pale karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, masikio yanazoea. Ndege ya abiria inashuka, watoto wanapunga mkono, mama anayeanika omena hata hainui kichwa. Hii town na ndege ni mabeshte wa kitambo. Miaka ya 1930 Waingereza walikuwa na ndege za Imperial Airways zinazotua juu ya maji, hapo hapo ziwani, zikipitisha barua na abiria kwenda kusini mwa Afrika.

Lakini kuna stori moja ya ndege ambayo wazee wa huku wakiianza, wanashusha sauti kwanza. Ni ile ya Agosti 1, 1982. Ingia kinyozi yoyote Kondele utaje hiyo tarehe na kila msee atakuja na yake. Mmoja atakuambia ndege zilifika Nairobi zikakosa shabaha. Mwingine ataapa kulikuwa na ndege kumi. Mwingine, aliyezaliwa 1999, atakupatia mpaka rangi ya kofia ya rubani.

Ukweli ni mdogo kuliko hizo stori, na bado ni noma. Ndege zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa F-5, zile za mwendo mkali. Ya tatu ilikuwa kandege kadogo, pua butu, watu wawili ndani wamekaa bega kwa bega kama wako kwa teksi. Inaitwa Strikemaster. Leo tunaongelea hiyo ya tatu: ilitoka wapi, inapigana aje, ilipigana wapi kweli, na mbona asubuhi moja ikajikuta imebebeshwa kazi ya kulipua Ikulu yetu.

Ilianza kama gari ya kufunzia udereva

Unajua ile gari imebandikwa L, inatambaa Oginga Odinga Street, boda wanaipita wakicheka? Mwalimu amekaa kando ya mwanafunzi, na yeye ako na breki yake, ukiharibu anaikanyaga. Sasa fikiria mtu achukue hiyo gari, aweke injini kubwa, akaze chesi, halafu afunge bunduki mbili mbele. Hapo umeelewa Strikemaster.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walikuwa wanafunza marubani wapya kwa ndege ya propela inaitwa Provost, iliyoruka mara ya kwanza 1950. Shida ni kwamba dunia ilikuwa inahamia jeti. Mwanafunzi alikuwa anajifunza kwa propela, akimaliza anatupwa kwa jeti ambayo iko na tabia tofauti kabisa. Kampuni ya Hunting Percival ikaona mwanya. Ikachukua hiyo Provost, ikatoa injini ya propela, ikaweka ya jeti. Juni 26, 1954, Jet Provost ikaruka. Vijana wakaanza kujifunza kwa jeti tangu siku ya kwanza.

Hii ndege ilikuwa mpole. Ukikosea inakusamehe. Ticha na mwanafunzi wanakaa upande kwa upande, kwa hivyo ticha anaona mikono yako inafanya nini. Ni rahisi kutunza. Haitaki uwanja wa lami refu kama barabara ya Kisumu kwenda Busia.

Halafu kukatokea soko ambalo hakuna mtu alikuwa amelipangia sana. Miaka ya 60 nchi nyingi zilikuwa zimetoka tu kupata uhuru, au zilikuwa na mafuta na majirani wabaya. Zote zilitaka jeshi la anga, lakini doh ya ndege kubwa za kivita hazikuwa nayo, na hata zingekuwa nayo, nani angezirusha? Nani angezirekebisha? Hunting ilikuwa imeshamezwa na kampuni kubwa ya BAC, na hao mabuda wakapiga hesabu: si tuchukue hii ndege ya ticha tuipe meno?

Oktoba 26, 1967, Strikemaster ikaruka. Injini ilikuwa Viper ya Rolls-Royce, yenye nguvu kushinda ya Jet Provost. Mabawa yakakazwa ili yabebe mzigo. Bunduki mbili za risasi za milimita 7.62 zikaingia mwilini. Chini ya mabawa kukawekwa sehemu za kuning'iniza mabomu, roketi au matangi ya mafuta, jumla kama kilo 1,360. Yenyewe ilikuwa inakimbia zaidi ya kilomita 700 kwa saa, na viti ni vile vya kumrusha rubani nje mambo ikichacha. Na bado ungeweza kufunzia mtu nayo Jumatatu na kwenda vitani nayo Jumanne. Zilitengenezwa karibu 150, zikaenda Saudi Arabia, Oman, Kuwait, Singapore, Ecuador, New Zealand, na Kenya pia.

Kupiga chini ni kazi gani hasa?

Watu wengi wakisikia ndege ya kivita wanafikiria sinema: jeti mbili zinafukuzana mawinguni. Hiyo ni kazi moja tu. Kuna nyingine ambayo haina sifa sana lakini ndiyo inaokoa wanajeshi wengi: kusaidia wasee walio chini.

Iko hivi. Wanajeshi wako chini wamebanwa. Adui ako mita mia mbili mbele yao, amejificha kwa mawe. Mtu wa redio anaita. Rubani anatakiwa kuja chini, aone nani ni nani, apige hapo na asipige hapa, halafu azunguke arudi tena. Ukija na jeti ya mwendo wa sauti, unapita kabla hujaona kitu. Ukizunguka, umemaliza kilomita nyingi na mafuta kibao. Ndege ndogo ya mwendo wa wastani inaona vizuri, inakata kona fupi, inarudi haraka, na bei yake haifanyi waziri wa fedha alie.

Ni kama tofauti ya trela na nduthi. Trela inabeba mzigo wa maana, lakini ukitaka mtu afike ndani ndani Nyalenda saa nane usiku wakati wa mvua, unaita nduthi.

Nduthi pia iko na shida yake: ikigongwa, hakuna kitu kinakukinga. Ndege nyepesi haiwezi kupigana na ndege kubwa angani. Haina mwendo wa kuhepa. Na adui akipata kombora la kubebwa begani, lile linalofuata joto la injini, mchezo unabadilika. Kwa hivyo hii ni silaha ya kupiga mtu ambaye hana cha kukupiga nacho juu. Ukimtuma rubani mahali adui ako na makombora, umemtuma akafe.

Mirbat: siku nduthi ilifika

Vita vilivyoipa Strikemaster jina vilipiganwa Oman, kwa mkoa wa kusini unaoitwa Dhofar. Oman si mbali na sisi vile unafikiria. Masultani wa Zanzibar walitoka huko, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 familia nyingi zilirudi Oman na Kiswahili chao, hasa baada ya Sultan Qaboos kuchukua kiti mwaka wa 1970. Mpaka leo ukitembea Muscat unaweza kusikia mtu akikusalimia kwa Kiswahili safi kushinda chako.

Qaboos alirithi vita. Waasi wa Dhofar walikuwa milimani, wakisaidiwa na Yemen Kusini iliyo mpakani. Jeshi la anga la Oman lilikuwa dogo, na Strikemaster ndizo zilikuwa makucha yake, nyingi zikirushwa na marubani Waingereza kutoka Salalah.

Julai 19, 1972, kabla jua litoke, waasi zaidi ya mia mbili wakaingia mji mdogo wa bahari unaitwa Mirbat. Walikuwa wamechagua siku vizuri. Ni msimu wa khareef, ile mvua ya manyunyu ambapo mawingu yanashuka mpaka yanagusa vilima. Walijua hakuna ndege itaruka kwa hali hiyo. Ndani ya mji kulikuwa na makomando tisa wa Uingereza, pamoja na askari wachache wa Oman. Mmoja wa hao tisa, Talaiasi Labalaba kutoka Fiji, alikimbia mpaka kwenye mzinga mkubwa akaanza kuupiga karibu peke yake, ingawa kwa kawaida unahitaji watu kadhaa. Aliuawa hapo hapo.

Wakati kila kitu kilikuwa kinaelekea kuisha, Strikemaster zikatokea. Marubani walikuwa wamepita chini ya mawingu, chini sana, karibu na maji, wakafuata ufuo mpaka wakafika. Wakapiga waasi waliokuwa wamefika karibu kabisa na boma. Zikarudi Salalah kubeba risasi, zikaja tena. Hapo ndo helikopta zikapata nafasi ya kushusha wanajeshi zaidi, na shambulio likavunjika.

Jeti ya mwendo mkali ingefanya nini chini ya wingu kama hilo? Kidogo sana. Strikemaster ilifaulu kwa sababu ya vitu ambavyo watu walikuwa wanaicheka navyo: mwendo wa wastani, upole, na rubani kuweza kuona chini.

Lakini miaka mitatu baadaye waasi wakapata makombora ya begani kutoka Urusi, SA-7. Agosti 1975 moja ikaiangusha Strikemaster. Kutoka hapo marubani wakalazimika kubadilisha vile wanaruka. Nduthi ilikuwa imekutana na trela.

Kenya inanunua sita

Kenya Air Force ilianzishwa Juni 1964, ikiwa na ndege ndogo za propela za kufunzia na kubeba mizigo. Mwaka wa 1971 tukapokea Strikemaster sita, za aina iliyoitwa Mk 87. Hizo ndizo zilikuwa jeti zetu za kwanza za kivita. Sita tu. Zingine zote duniani ziliuzwa na alama tofauti kidogo kulingana na mteja, kama vile fundi wa Gikomba anapima suti na mtu wake.

Kwa miaka kadhaa zilitosha. Halafu Februari 1976, Idi Amin akaamka na ramani. Akasema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, mpaka kilomita kama 32 kutoka Nairobi. Omera, hiyo ilikuwa inatugusa sisi moja kwa moja. Na kitu kilichofanya iume ni kwamba haikuwa imetoka hewani kabisa: Waingereza waliposhika hii sehemu, Kisumu ilikuwa kweli ndani ya Uganda, kwenye mkoa wake wa mashariki. Reli ilifika hapa ziwani Desemba 1901, na mwaka uliofuata, 1902, mpaka ukasongeshwa tukawa upande huu. Amin alichukua karatasi ya kikoloni akataka kuifanya sababu ya vita.

Sasa piga hesabu ya angani. Kutoka Entebbe mpaka Kisumu ni kama kilomita 250 juu ya maji. Amin alikuwa na MiG za Urusi. MiG-21 ikikaza, hiyo ni robo saa hivi. Sisi tungeizuia na nini? Strikemaster ingekuwa kama kutuma nduthi ikasimamishe treni. Tulikuwa pia na Hunter chache tulizonunua kutoka Uingereza, ndege kuukuu lakini za nguvu, na basi.

Amin alirudi nyuma baada ya Wakenya kuandamana na Mzee Kenyatta kusema hatutoi hata inchi. Julai mwaka huo huo Waisraeli wakavamia Entebbe kuokoa mateka, na kabla waondoke wakachoma MiG kadhaa zikiwa zimeegeshwa. Lakini Nairobi ilikuwa imepata somo. F-5 kutoka Marekani zikaanza kufika 1978. Miaka ya 1980 na 1981 zikaja Hawk 12 kutoka Uingereza, ambazo pia ni ndege za kufunzia zilizopewa meno. Strikemaster ikawa mzee wa nyumba, imekaa Nanyuki, haina maneno.

Jumapili, Agosti 1, 1982

Hapa ndipo stori inakuwa yetu.

Usiku wa kuamkia hiyo Jumapili, wanajeshi wa ngazi za chini wa Kenya Air Force walianza kuteka kambi zao. Kiongozi alikuwa Hezekiah Ochuka, kijana wa huku Nyanza, hata miaka 30 hakuwa amefika, na cheo chake kilikuwa cha chini kabisa ukilinganisha na kazi aliyokuwa anajipatia. Alfajiri walikuwa wameshika Sauti ya Kenya. Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji ambaye sauti yake kila nyumba iliijua, alitolewa kwake akalazimishwa kutangaza kwamba serikali ya Moi imeanguka. Nairobi ikachizi. Maduka yakavunjwa, wengi wakiwa ni Wahindi waliopoteza kila kitu. Watu zaidi ya mia moja walikufa.

Lakini redio pekee haipindui serikali. Mpango ulikuwa na mguu wa pili, na huo ulikuwa Nanyuki. Koplo Bramwel Njereman alikuwa na kazi ya kuhakikisha ndege zinapiga Ikulu na makao makuu ya GSU. Kutoka Nanyuki mpaka Nairobi ni kama kilomita 150 ukienda moja kwa moja. Hata hiyo Strikemaster ya pole ingefika kwa chini ya robo saa.

Shida yake ilikuwa moja: koplo wa kambi hawezi kurusha jeti. Ilibidi atumie marubani, na marubani walikuwa maafisa ambao hawakuwa ndani ya huo mpango. Kwa hivyo aliwashikia bunduki. Watatu wanaojulikana ni Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza. F-5 mbili na Strikemaster moja zikawekwa mabomu, zikaruka, na Njereman akapanda pia ili awachunge.

Hebu jiweke hapo. Uko angani na mabomu. Nyuma yako kuna mtu ako na bunduki. Mbele yako, dakika chache tu, ni jiji la watu waliolala. Ukikataa, unakufa. Ukikubali, unaua watu ambao hata hutawaona, na historia itakuita muuaji.

Simulizi ambayo imebaki ni kwamba Mutua alijua kitu kimoja ambacho Njereman hakujua. Rubani akikunja jeti ghafla na kuivuta juu, mwili unabanwa kwenye kiti mpaka unahisi umekuwa mzito mara nne, mara tano. Damu inashuka miguuni. Macho yanaanza kuingia giza, tumbo linageuka. Rubani amefunzwa kukaza misuli na kupumua kwa namna fulani, na anavaa nguo maalum inayombana miguu damu isishuke yote. Mtu ambaye hajawahi, hata awe ngumu aje mtaani, anaisha. Mutua akawapa wenzake rada kwa redio, wakaanza kuzizungusha ndege vibaya vibaya. Mwenye bunduki akawa hajijui.

Mabomu yakaachiliwa ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Ndege zikarudi Nanyuki. Ikulu haikuguswa.

Nairobi, wanajeshi wa nchi kavu wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed walikuwa wanarudisha Sauti ya Kenya. Ochuka alikuwa "rais" kwa masaa kama sita. Yeye na mwenzake Pancras Oteyo Okumu wakahepa mpaka kwenye ndege ya mizigo ya Buffalo, wakalazimisha marubani wawapeleke Dar es Salaam. Tanzania ikawarudisha baadaye. Julai 1987 Ochuka, Okumu, Njereman na Koplo Walter Ojode walinyongwa Kamiti. Tangu hapo Kenya haijanyonga mtu mwingine.

Bomu halikuanguka Kisumu, lakini bei ililipwa hapa

Wengi wetu tulisoma hii stori shuleni kwa mistari mitatu, kama tuliisoma kabisa. Vile ilituguza haikuandikwa.

Kenya Air Force nzima ilivunjwa. Wanajeshi wake wengi mno wakashikwa, maelfu, wakiwemo vijana ambao kosa lao lilikuwa kulala kambini usiku huo. Kamanda wake, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne kwa kutozuia mapinduzi. Jeshi jipya likaitwa '82 Air Force, kama alama ya kumkumbusha kila mtu, na jina la zamani halikurudi mpaka 1994.

Huku kwetu, jina la ukoo likawa kesi. Jaramogi Oginga Odinga alifungiwa nyumbani kwake hapa Kisumu. Mwanawe Raila alishtakiwa kwa uhaini, mashtaka yakaondolewa, halafu akawekwa ndani bila kesi mpaka 1988. Hao ndio majina makubwa. Chini yao kuna familia ambazo mtoto wao alikuwa fundi wa ndege tu, ama mpishi wa kambi, akarudi dala bila kazi, bila pensheni, na hakutaka tena kuongea. Ndo maana mzee akianza hiyo stori anaangalia mlango kwanza. Si drama. Ni tabia aliyofunzwa na miaka.

Na hapa ndo mimi naona somo la hii ndege. Ile Strikemaster ya Nanyuki haikuwa na tofauti na zile za Mirbat. Injini ile ile, mabawa yale yale, mabomu ya aina hiyo hiyo. Mirbat ilikuja kwa sababu kuna mtu mwenye mamlaka aliyeitwa kwa redio na wasee waliokuwa wanakufa. Nanyuki iliruka kwa sababu kuna mtu alishika bunduki. Ndege haikujua tofauti. Kilichookoa Nairobi ni marubani watatu walioamua hapana, na wakapata akili ya kuisema hiyo hapana bila kufungua mdomo.

Kwa hivyo tuzitake ama tusizitake?

Usidhani haya ni mambo ya zamani. Januari 15, 2016, alfajiri, al-Shabaab walivamia kambi ya KDF pale El Adde, Somalia. Kambi ilianguka. Serikali mpaka leo haijawaambia Wakenya idadi kamili ya vijana tuliopoteza. Msaada wa angani ulifika wakati maji yashamwagika.

Weka El Adde na Mirbat kwenye meza moja. Zote alfajiri. Zote kambi ndogo mbali na nyumbani. Zote adui wengi kushinda walinzi. Kulikuwa na tofauti nyingi, lakini moja inajulikana na kila mwanajeshi: Mirbat, kitu kilitokea angani wakati bado kulikuwa na watu wa kuokoa.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2017, Marekani ikatangaza inaweza kuiuzia Kenya ndege 12 za Air Tractor kwa karibu dola milioni 418. Unajua Air Tractor ni nini? Ni ndege ya propela ya kunyunyizia dawa mashambani. Kiti kimekaa juu, pua ndefu, tumbo la kubeba dawa. Mtu akachukua ndege ya shamba akaifungia mabomu. Ni ile hesabu ya 1967 tena: chukua kitu rahisi, kigumu, kinachotua popote, ukipe meno. Kelele zikaanza huko huko bungeni kwao, mbunge wa jimbo lenye kampuni nyingine akiuliza mbona bei iko juu hivyo.

Mimi siko hapa kukuambia jeshi linunue nini. Lakini ukisikia serikali inanunua ndege nyepesi za kivita, uko na haki ya kuuliza maswali mengine mbali na "inakimbia kasi gani". Kwanza, adui ako na makombora ya begani? Kama ako nayo, rubani wetu atakingwa aje? Pili, ikilipua mahali kumbe ni manyatta ya watu, nani atasimama mbele ya Bunge aeleze? Tatu, bei ni ya ndege ama ya wakora wa katikati? Na nne, ambayo 1982 ilituuliza na hatujaijibu vizuri: nani anaweza kuiambia iruke, na akikosea, nani anaweza kuikataza?

Strikemaster zetu ziliondoka kimya. Kenya ilikuwa na Hawk, na mwaka wa 1990 zikaanza kuja Tucano 12 za propela zilizoundwa Belfast, kazi ikiwa ile ile, kufunza na kupiga. Strikemaster zingine za zamani duniani sasa ziko mikononi mwa watu wa doh, wanazirusha kwenye maonyesho wikendi, watoto wanapiga picha.

Wewe kama uko na babu, ama guka, ama jirani mzee hapa Manyatta, Obunga, Dunga, popote, jaribu kumuuliza swali moja leo jioni: alikuwa wapi hiyo Jumapili, na redio ilikuwa inasema nini? Usimkimbize. Akishusha sauti, wewe sogea tu karibu.